Boga linalegea mchana, mkonge wa jirani umesimama tu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Pongwe hapa Tanga, nyuma ya nyumba nimepanda maboga. Kila siku ikifika saa saba majani yanalegea utafikiri yamemwagiwa maji ya moto, jioni yanasimama tena. Ng'ambo ya uzio kuna mkonge, jua hilohilo udongo huohuo, wala haujali. Kwani hili boga linaumwa?
Mama Maboga, Pongwe

JIBU: Marahaba mama. Haliumwi, linahema tu kwa shida.

Jani lina vitundu vidogo mno, shuleni tuliviita stomata, hewa ya kaboni inaingia humo ikapikwe sukari na oksijeni inatokea hapohapo. Chovya jani bichi la mwembe kwenye maji ya moto uone, vipovu vitatoka upande wa chini. Sasa hewa ya kaboni yenyewe haba, kwenye sehemu 10,000 za hewa ni kama 4 tu, kwahiyo jani linaacha milango wazi muda mrefu, na mlango ukiwa wazi maji nayo yanakimbia, yaani ikiingia chembe 1 ya kaboni zinatoka mia kadhaa za maji! Biashara kichaa, ila ndo hiyo.

Kila kitundu kina seli 2 kama punje za maharage zinazotazamana, zikishiba maji zinapinda katikati panafunguka, maji yakipungua zinalegea panajifunga. Saa saba mizizi inazidiwa, boga linalegea na kufunga milango, jioni maji yanapanda tena.

Mkonge mjanja, unafungua usiku. Unavuta hewa ya kaboni kwenye ubaridi unaiweka akiba kama tindikali, alfajiri jani limechachuka kwelikweli (usitafune kuhakikisha mama, utomvu wake unawasha balaa), mchana unajifungia ndani unapika ile akiba kwa mwanga wa jua. Nanasi nalo hivyohivyo. Si ajabu Mjerumani Richard Hindorf alipouleta huku kwetu mwaka 1893 ulikubali. Ila unakula kidogokidogo, mpaka ukate jani la kwanza ni miaka, wakati wewe ndani ya miezi michache ushapika futari ya boga.

Mwagilia shinani asubuhi mapema, tandaza nyasi kavu. Ukiyakuta yamelegea alfajiri kabla ya jua, hapo niandikie tena.