Umechaguliwa kiongozi wa tawi? Anza na karatasi

Ukichaguliwa mwakilishi wa wafanyakazi kiwandani, madai ya nyongeza ya mshahara yasubiri kidogo. Kwanza hakikisha chama chenu cha wafanyakazi kimemwandikia mwajiri barua yenye majina ya viongozi wote wa tawi, na nakala yenu imegongwa mhuri wa kupokelewa. Nimekuwa katibu wa tawi katika kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, kwa miaka mingi. Nimeona wenzangu wakitolewa kazini wakati sheria ilikuwa upande wao. Walichokosa ni karatasi ya kuonyesha kuwa walikuwa kwenye shughuli ya chama.

Sheria yenyewe hapa Tanzania ni ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004. Inasema wazi kwamba uanachama, au kushiriki shughuli halali za chama, si sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi. Ukiachishwa, anayetakiwa kuthibitisha kuwa haki ilitendeka ni mwajiri. Mwakilishi pia hupewa muda wa kutosha, wenye malipo, wa kumtetea mwanachama kwenye kikao cha nidhamu, kusemea afya na usalama, na kufuatilia kama mwajiri anatii sheria za kazi. Na taarifa anazozihitaji kwa kazi hiyo, mwajiri anapaswa kumpa.

Kwenye huo muda wa shughuli za chama ndipo mitego inapotegwa. Sijawahi kuona barua inayosema "tunakuachisha kwa sababu ya chama." Wataandika utoro. Wataandika umeacha mashine bila ruhusa. Mwenzangu wa idara ya kufungasha alipewa barua ya kujieleza kwa kosa hilohilo, kumbe saa ile alikuwa ofisini akimtetea kijana aliyeumia mkono. Aliokolewa na daftari alilokuwa akiombea ruhusa: tarehe, saa, anakokwenda, sahihi ya msimamizi. Shauri likafia hapo. Siku hizi kila mwakilishi kwetu ana daftari lake. Usikubali ruhusa ya mdomo, hata kama wewe na msimamizi mnakaa mtaa mmoja Gongo la Mboto na asubuhi mnagombania daladala moja.

Walio kwenye hatari zaidi ni wenye mikataba ya mwaka mmoja mmoja, na kwetu hao ndio wengi. Kwao mwajiri hana haja ya kufukuza. Anasubiri mkataba uishe tu. Lakini sheria inahesabu kutohuisha mkataba kuwa ni kuachishwa kazi, endapo ulikuwa na matarajio ya msingi kwamba ungehuishwa. Kwa hiyo tunza mikataba yote ya nyuma, usitupe hata mmoja. Ambaye hajatimiza miezi sita kazini hana kinga hii ya kuachishwa isivyo haki, na kumchagua mapema ni kumpeleka vitani bila ngao.

Wengine hupandishwa cheo kuwa wasimamizi, kisha wanaambiwa wajitoe kwenye chama. Usisaini haraka. Anayezuiwa kuwa kwenye chama cha wafanyakazi wa kawaida ni kiongozi wa ngazi ya juu, yule anayetunga sera za mwajiri na mwenye mamlaka ya kusaini mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya mwajiri na chama, kwa niaba yake.

Jambo linaloniuma zaidi ni siku 30. Ukiachishwa, huo ndio muda wa kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Utaambiwa "njoo Jumatatu tuyamalize," Jumatatu meneja amesafiri, wiki zinakatika. Nenda kwenye hayo mazungumzo, ila fomu ya kufungua shauri iwe imeshafika Tume. Ukichelewa itabidi uombe kuongezewa muda kwa kueleza sababu za msingi, na ombi linaweza kukataliwa. Mpe mwajiri nakala ya fomu kwanza, upate uthibitisho kuwa ameipokea, ndipo uipeleke. Siku hiyohiyo mjulishe katibu wa chama wa mkoa, ili awepo mtu wa kukuwakilisha kwenye usuluhishi.