Maswali yenu kuhusu Stourton na ziwa lake

Tangu nigusie kitongoji cha Stourton, kule Wiltshire kusini-magharibi mwa Uingereza, na bustani yake ya Stourhead, maswali hayajakoma. Leo nayajibu manne.

Umesema lile ziwa si la asili. Mbona kwenye picha linaonekana la tangu enzi? (Dodoma)

Ni lambo, ndugu yangu, sawa na malambo yenu ya kunyweshea ng'ombe, ila hili lilitengenezwa kwa ajili ya macho. Mto Stour unaanzia kwenye chemchemi za bonde lile. Katikati ya miaka ya 1750 Henry Hoare, mwenye benki wa London, aliliziba bonde kwa tuta, maji yakajaa. Miti imelificha tuta hilo, ukipita juu yake hushtuki.

Ujanja mwingine uko kwenye njia. Ukiwa kwenye hekalu la Flora, jengo la pambo lililopewa jina la mungu wa maua wa Warumi, unaliona jengo la Pantheon ng'ambo ya maji, lililoigwa hekalu la kale la Roma. Unatamani kufika. Njia inakuingiza mitini, Pantheon inapotea, unateremka kwenye pango lenye maji baridi ya chemchemi, na ukitoka unalikuta jengo karibu nawe. Kwangu mimi kule kulipoteza kunazidi jengo lenyewe.

Fedha zilitoka wapi? Isije ikawa ni za utumwa. (Bagamoyo)

Swali la haki, hasa likitoka Bagamoyo. Benki ya ukoo wa Hoare ilianzishwa mwaka 1672, na ipo mpaka leo. Mwaka 1720 hisa za South Sea Company zilipaa kisha zikaporomoka. Wengi walifilisika, lakini benki hii iliuza mapema ikapata faida. Kampuni hiyo ilikuwa na mkataba wa kupeleka Waafrika watumwa kwenye makoloni ya Hispania huko Amerika. Siwezi kukuonyesha mti gani ulilipiwa na shilingi ipi. Ila nyumba kubwa ya Stourhead ilijengwa miaka hiyohiyo ya 1720.

Wanakijiji walihamishwa kupisha bustani? (Nakuru)

Kitongoji bado kiko pale mlangoni: kanisa la Mtakatifu Petro, nyumba chache za mawe, na nyumba ya wageni ya Spread Eagle. Kilichobomolewa ni kasri la kale la ukoo wa Stourton. Hoare alikifanya kitongoji kiwe sehemu ya mandhari, akaongeza msalaba mrefu wa mawe ambao watu wa Bristol walikuwa wameuchoka.

Niko London na watoto wawili, sina gari. Niende lini?

Mwishoni mwa Mei kwa maua ya rododendroni, au Oktoba majani yanapogeuka rangi. Rododendroni alizileta mjukuu wake Henry, Richard Colt Hoare. Nadhani babu angenuna, maana bustani yake ilikuwa ya kijani na maji.

Pandeni treni Waterloo mshuke Gillingham ya Dorset. Angalia tiketi vizuri, kuna Gillingham nyingine Kent! Kutoka stesheni ni kama kilomita 10, tafuteni teksi. Kiingilio kipo, tangu 1946 mwenyewe ni National Trust, shirika linalotunza majengo na bustani za kale. Lizungukeni ziwa kinyume cha saa. Juu ya mlango wa hekalu la Flora kuna maneno ya Kilatini yanayowaamuru wasiotakaswa wakae mbali. Watoto wapite tu.