Muulize Bibi Kuhusu Nyumba Kabla ya Kumuuliza Nasaba

Kwetu Mombasa, mtu akitaka kujua asili yake huulizia nasaba: fulani bin fulani bin fulani, mpaka afike kwenye Thalatha Taifa au Tisa Taifa, yaani makundi mawili ya koo za Waswahili wa Mombasa, au avuke bahari hadi Hadhramaut huko Yemen. Nasaba ni amana na naiheshimu. Hata hivyo, tangu nianze kurekodi masimulizi ya wazee wetu, nimeona kwamba karibu kila jina ndani yake ni la mwanamume, na kwamba haikwambii ni nani aliyelea watoto, wala kwa nini mamangu humwita jirani wetu mmoja mjomba ilhali hawana damu moja.

Kwa hiyo, ukitaka kurekodi wazee wako, nakushauri uanze na nyumba. Nilipomuuliza bibi yangu sisi ni akina nani, alitaja majina machache akanyamaza. Nilipomwomba anieleze nyumba ya mtaa wa Majengo alimokulia, kuanzia barazani hadi uani, alizungumza tangu baada ya alasiri hadi adhana ya magharibi. Alitaja kila chumba na waliolala humo. Nyumba ilikuwa ya babake lakini ardhi ilikuwa ya mtu mwingine, mtindo uliozoeleka sana katika mji huu, na ili kodi ya kiwanja ipatikane kila mwezi, vyumba vya nyuma vilipangishwa kwa wafanyakazi wa bandari ya Kilindini waliotoka bara. Mama yake alipougua, mke wa mpangaji mmoja ndiye aliyemnyonyesha mdogo wake bibi, na kwa kuwa kwetu Waislamu kunyonya huleta undugu, watoto wa mama yule wakawa ndugu zake wa kunyonya. Yule jirani ambaye mamangu humwita mjomba ni mmoja wao. Hakuna nasaba iliyoandikwa ambayo ingenipa jambo hilo, na kwangu mimi ndilo linaloeleza vizuri zaidi ukoo wetu ni wa akina nani.

Usimdai mzee mwaka. Mpe tukio analolijua, kama mgomo mkuu wa wafanyakazi wa Mombasa wa Januari 1947, mvua kubwa za 1961 au Uhuru wa Desemba 1963, kisha umuulize kama wakati huo alikuwa ameshaanza chuo cha Kurani, au ameolewa, au amempata mtoto wa kwanza. Tarehe utaipata mwenyewe.

Wazee wakipingana, mrekodi kila mmoja peke yake wala usiwapatanishe. Bibi anashikilia kwamba watu wa babake ni wa Jomvu. Kaka yake anasema ni wa Lamu. Nilipowasikiliza mmoja mmoja nilielewa kwamba kaka alikuwa akisafiri na baba yao kwenda Lamu tangu utotoni, naye bibi alibaki na shangazi zake wa Jomvu Kuu, waliomlea na kumwoza. Kila mmoja anataja mahali alipopokewa kama mtoto wa nyumbani, na tofauti hiyo ina thamani kuliko jibu moja lililonyooshwa.

Kuna jambo linalohitaji uangalifu zaidi ya yote. Utumwa ulifutwa kisheria katika mwambao wetu mwaka 1907, kwa hiyo wazee tunaowahoji leo wamelelewa na watu walioyasikia mambo hayo kutoka kwa waliopitia. Zipo nyumba ambamo nyanya fulani hatajwi alikotoka, na heshima ya ukoo imejengwa juu ya ukimya huo. Mzee akikwambia uzime simu, izime papo hapo, na ulichokisikia baada ya hapo usikipeleke kwenye mazungumzo ya harusini. Hata kwa yale uliyoruhusiwa kurekodi, mrudie umsikilizishe, kisha umwombe ruhusa upya, kwa sababu mtu huwa mwepesi wa kusema akiwa na mjukuu wake kuliko akijua kwamba ukoo mzima utasikia.

Mwanzoni mwa kila rekodi taja jina la msimulizi, tarehe, mahali na waliokuwapo. Unapoandika, acha Kimvita chake, yaani lahaja ya Mombasa, kibaki Kimvita, usikigeuze kuwa Kiswahili cha shuleni. Nakala moja mwachie jamaa anayeishi naye, maana simu hupotea na wewe huenda ukahama mji.