Wasomaji Wanauliza: Silikanti na Kina cha Ziwa Tanganyika

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Tanga wanavua silikanti, yule samaki wa kale wa baharini, kwenye maji marefu, na ziwa letu nalo ni la pili kwa kina duniani. Kwa nini huku hatumpati? Nikishusha makila, nyavu zetu za kutega, hadi mita 200 nitanasa nini? *Mvuvi, Kibirizi, Kigoma*

JIBU: Hutanasa kitu, ndugu yetu, na wavu utakuchosha bure kuupandisha. Ziwa Tanganyika lina mita 1,470 pale penye kina kuliko pote, lakini samaki haishi kwa mita, anaishi kwa oksijeni. Mbele ya Kigoma oksijeni hukoma karibu mita 100, na kuna misimu inakoma juu zaidi ya hapo. Kusini, upande wa Kasanga na Mpulungu, hufika karibu mita 200. Chini ya hapo maji yana haidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka kama yai viza, na hakuna samaki wa ziwa hili anayeivumilia.

Baharini mambo ni tofauti. Karibu na ncha za dunia maji hupoa sana, yanakuwa mazito, yanazama na kushuka na hewa yake hadi sakafuni, kisha husambaa polepole kwenye bahari zote. Ziwani kwetu hakuna baridi ya namna hiyo. Juu maji yana nyuzi 25 hadi 27 za Selsiasi, chini kabisa nyuzi 23 na kitu. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini inatosha kuyafanya maji ya juu yaelee bila kuchanganyika na ya chini. Upepo wa kusini wa Mei hadi Septemba huyainamisha tu, hauyakorogi hadi chini. Mizoga na uchafu unaozama huozeshwa na bakteria, nao humaliza oksijeni iliyopo.

Silikanti mwenyewe anataka maji ya nyuzi 14 hadi 22, mapango ya miamba ya kujifichia mchana, na chumvi. Damu yake imejaa urea, kama ya papa, ili ilingane na maji ya bahari. Ukimtia kwenye maji ya ziwa yasiyo na chumvi, maji yatamwingia mwilini kupita kiasi.

Wa kina kirefu tunao wa kwetu. Wapo vijisamaki wa jamii ya Trematocara: mwangalie mmoja karibu utaona macho makubwa kuliko umbo lake, na vishimo kichwani vya kuhisi mtikisiko wa maji. Mchana hushinda chini gizani, usiku hupanda hadi maji mafupi kula.

Kwa hiyo upande wa Kigoma usivuke mita 80 au 90 kwa kamba ya chini ya makila. Funga alama kila mita 10. Na usidanganywe na urefu wa kamba: mkondo ukiilaza nusu, yaani nyuzi 45, mita 100 za kamba zimekupeleka mita 70 tu.

SWALI: Kuhe tukimvuta kwa mshipi kutoka chini hutoka amevimba tumbo, macho nje, na kitu kama puto mdomoni. Ni ugonjwa? Wale wadogo tukiwarudisha wanaelea tu. *Katonga, Kigoma*

JIBU: Si ugonjwa, na akiwa mbichi analiwa vizuri. Kila mita 10 za maji huongeza kanieneo, yaani mgandamizo, kama la hewa yote iliyo juu yetu. Penye mita 40 kanieneo ni mara tano ya lile la juu, kwa hiyo gesi iliyomo kwenye kibofu cha hewa cha kuhe hutanuka mara tano akifika mtumbwini. Hicho kinachotoka mdomoni ni tumbo lililosukumwa na kibofu. Msilitoboe! Wengi hudhani wanamsaidia, kumbe wamemuua.

Kinachofaa ni kumrudisha chini upesi, ndani ya dakika chache. Chukueni kreti ya plastiki yenye matundu, igeuzeni mdomo chini, fungeni mawe ya kilo tatu au nne kwenye kingo na kamba juu. Loweni mikono, mwekeni samaki ndani, mshusheni walau hadi nusu ya kina alikotoka. Kanieneo litaibana gesi, naye atatoka mwenyewe kwa chini. Kisha vuteni kreti.

Dagaa hawavimbi hivyo kwa sababu kibofu chao kina mrija wa kutolea hewa.

SWALI: Huyo silikanti analiwa? Na ni kweli hatagi, anazaa? *Tabora mjini*

JIBU: Nyama yake ina mafuta mengi na urea, inaharisha. Isitoshe, biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku, na Tanga ina hifadhi yake tangu 2009.

Kuzaa, ni kweli. Mayai yana ukubwa wa chungwa na huanguliwa ndani ya tumbo la mama. Jike mmoja aliyenaswa Msumbiji mwaka 1991 alikutwa na watoto 26. Watafiti waliohesabu miduara ya magamba mwaka 2021 walikadiria mimba ya miaka mitano hivi, na jike kuanza kuzaa akiwa na zaidi ya miaka 50. Tanga wengi hunaswa na jarife za papa zinazotegwa kwenye miteremko ya miamba, na hata akipandishwa hai hachukui muda kufa: mashavu yake ya kupumulia (matamvua) ni madogo, na damu yake hushindwa kubeba oksijeni ya kutosha kwenye maji ya moto ya juu.