Maharage kwa Nyama ya Nyumbu: Kosa Lililonifundisha Kupika

Jumapili iliyopita, baada ya misa ya kipaimara cha binti yetu, watu 16 walikula nyumbani kwetu Nyegezi, jijini Mwanza, kutoka katika sufuria moja kubwa ya maharage yaliyoungwa pamoja na nyama ya nyumbu, na hapakubaki hata mchuzi wa kumalizia tonge la mwisho la ugali. Ninalieleza jambo hili kwa majivuno kidogo, na nina haki ya kufanya hivyo, kwa sababu miaka miwili iliyopita, katika kipaimara cha kaka yake, chakula hicho hicho kilinitia aibu ambayo bado ninaikumbuka kila ninapoloweka maharage.

Siku ile wakwe zangu walikuwa wametoka Magu tangu alfajiri. Kaka yangu alikuwa amenipatia kilo tatu za nyama ya nyumbu, nami nikaona kwamba hapo ndipo pa kumwonyesha mama mkwe kuwa mwanawe hakuoa mtu wa chipsi. Niliamka saa kumi na mbili, nikachagua maharage, nikayaosha, nikayatia jikoni bila kuyaloweka, pamoja na nyama, vitunguu na nyanya kumi na mbili zilizoiva, vyote kwa mara moja. Jirani alikuwa ameniambia kuwa ndimu huondoa harufu ya nyamapori, kwa hiyo nikakamua ndimu nne. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika, hivyo nikatumia ya kisima, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika.

Ilipofika saa saba mchana, maharage yalikuwa yakigonga sahani kama kokoto. Kwa hofu nikatia magadi, kijiko cha kwanza, kisha cha pili, kisha nikaacha kuhesabu. Maganda yalivunjika, mchuzi ukawa mweusi wenye ladha ya sabuni, lakini mioyo ya maharage haikulainika. Nyama nayo ilikuwa imekauka hadi ikawa nyuzi.

Mama mkwe, kwa staha ya watu wazima, alikula kimya na kusema amezoea kula kidogo. Wifi yangu hakuwa na staha hiyo. Aliinua kipande kwa uma, akakitazama, kisha akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa mababa waliokuwa chini ya mwembe: "Wifi, nyumbu wako bado hajavuka mto." Watu walicheka sana, maana nyumbu wa Serengeti huvuka mto wanapohama, na wangu alikuwa mgumu kana kwamba bado yuko safarini. Mimi pia nilicheka, kisha nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Tangu siku hiyo, katika kundi la simu la ukoo, chakula chochote kigumu huitwa nyumbu wa mtoni.

Dada mmoja wa Sengerema aliniandikia mwezi uliopita akiuliza kwa nini maharage yake hugoma kila anapoyachanganya na nyama, na barua yake ilinifanya nijiulize upya kile nilichokuwa nikikikwepa. Dada yangu, tatizo ni uchachu. Nyanya na ndimu huzuia ganda na moyo wa haragwe kulainika, hata kuni ziwe nyingi kiasi gani, na maji yenye chokaa nyingi hufanya vivyo hivyo. Chumvi, ambayo bibi zetu walitukataza kuitia mapema, si adui mkubwa kama tulivyofundishwa. Mimi huitia katika maji ya kulowekea na maharage huiva vizuri. Maharage ya zamani yaliyokaa ghalani misimu miwili nayo ni ya kuogopa, kwa hiyo muulize muuzaji ni ya msimu gani kabla hujampa fedha, hata kama atakukunjia uso.

Kuhusu nyama, niseme jambo moja kwa uzito, kwa sababu huku kwetu, kutoka Bunda hadi Magu, nyamapori huuzwa pia gizani kwa bei ya chini. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inaihesabu nyama hiyo isiyo na kibali kuwa nyara ya Serikali, na watu wamefungwa kwa sababu ya kipande cha kitoweo. Tangu kanuni za mwaka 2020 ziliporuhusu mabucha ya nyamapori, hakuna sababu ya kuhatarisha familia. Nyama yangu ilitoka Arusha katika bucha lenye leseni, ikiwa imegandishwa, na risiti niliiweka kabatini. Mnyama aliyeokotwa akiwa amekufa usimguse kabisa, kwani anaweza kuwa amekufa kwa kimeta, na vimelea vya ugonjwa huo hustahimili moto wa jikoni.

Safari hii nilianza Jumamosi. Maharage ya njano kilo moja na nusu yalilala katika maji ya bomba, na nyama kilo tatu, sehemu ya muundi na shingo, ililala katika maziwa mgando. Asubuhi nilimwaga maji ya maharage, nikayaweka katika maji mapya na kuyachemsha kwa moto mkali kwa muda wa dakika kumi na tano kabla ya kupunguza mkaa. Hatua hiyo usiiruke, hasa kwa maharage mekundu, kwa maana yakiiva nusunusu huumiza tumbo vibaya.

Nyama niliiosha na kuipika katika sufuria yake. Nyumbu hana mafuta kama ng'ombe wa Usukuma. Kwa hiyo nilikaanga vitunguu kwa samli, nikatia tangawizi na kitunguu saumu, kisha vipande vya nyama, maji kidogo, na kifuniko, juu ya moto wa chini kwa saa tatu. Ukichochea moto, inakakamaa. Ukiuacha mdogo, mishipa ya muundi inayeyuka na mchuzi unakuwa mzito wenyewe. Nilipohakikisha kwamba maharage yanapondeka kwa vidole viwili, ndipo nilipoyaunganisha na nyama, na nyanya zikaingia mwisho kabisa, pamoja na karanga zilizotwangwa, kwa nusu saa ya mwisho. Kwa jirani yetu Mwislamu, ambaye hakuwa na uhakika wa namna nyumbu yule alivyochinjwa, nilitenga maharage pembeni kabla ya kuyachanganya.

Wanawake wenzangu, na wanaume mnaopika kwa siri, tunapenda kuonekana wepesi jikoni wakati wageni wamekaa, na haraka hiyo ndiyo inayotuangusha. Anza jana. Loweka jana, andika hata kwenye mlango wa jokofu ukihitaji, na usimruhusu mgeni, jirani wala mawifi wakupangie muda wa sufuria yako. Mimi niliwaruhusu, na nililipa.

Wifi alikula sahani mbili. Hakusema neno juu ya mto wala nyumbu, nami sikumkumbusha, ingawa nilitamani. Alipoondoka aliomba nimjazie hotipoti ya kwenda nayo Magu, na juzi alinipigia simu akiwa jikoni kwake, maharage yakiwa yamegoma, akiuliza atie magadi kiasi gani. Nilimwambia asitie hata chembe, amwage maji yale, aanze upya, na nyanya azifiche mbali.