Kompyuta ikilalamika kuhusu kugawanya, weka bisibisi chini kwanza

Mama mmoja, karani wa chama cha wafugaji upande wa Njoro, alishuka matatu hapa Nakuru akiwa amebeba kompyuta imefungwa kwa leso. "Kijana wangu, hii uliyoniuzia ni mbovu." Nilikuwa nimemuuzia wiki iliyotangulia: Pentium III ya 600 MHz (MHz ni kipimo cha mwendo wa prosesa, ubongo wa kompyuta), mtumba safi kabisa, ichukue nafasi ya kompyuta yao ya zamani, 486, iliyoungua siku stima iliporudi kwa kishindo. Kila kitu kilifanya kazi isipokuwa programu ya maziwa, na kompyuta yenyewe ilinunuliwa kwa ajili ya hiyo programu. Ukiifungua tu, hata menyu haijatokea, inaandika "Runtime error 200", inaongeza anwani inayoishia na 0091, halafu unarudishwa kwenye C:\>, pale DOS inaposubiri amri, kama mwanafunzi aliyetumwa nyumbani karo.

Kosa namba 200 maana yake ni kugawanya kwa sifuri. Basi mimi nikajitia daktari. Nikasema ni virusi, nikafomati diski. Likabaki. Nikasema ni ram, kumbukumbu ya kompyuta, nikabadilisha na kumtoza. Likabaki. Siku mbili zimeenda, na wafugaji wanangoja malipo.

Kilichoniokoa ni Pentium kuukuu ya 133 MHz niliyokuwa nikiitumia kama meza ya kuwekea chai. Nikainakilia programu ileile kutoka flopi ileile. Ikafunguka! Hapo nikaacha kuuliza ni nini kimeharibika, nikauliza ni nini kimebadilika. Kilichobadilika ni mwendo tu.

Aliyenifafanulia ni mwalimu wangu wa zamani wa Pascal, lugha ya kuandikia programu. Programu nyingi za DOS, ule mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, za miaka ya 90 ziliandikwa kwa Turbo Pascal, na zile zinazotumia kifurushi chake kiitwacho Crt hujipima mwendo wa mashine kabla ya kuanza kazi. Saa ya ndani ya PC hupiga mara 18.2 kwa sekunde, yaani kila pigo ni kama milisekunde 55. Programu inahesabu imezunguka mara ngapi kwenye pigo moja, inagawanya kwa 55, kisha inahifadhi jibu. Sasa, nafasi iliyotengewa jibu hilo ina biti 16, na haiwezi kupita 65,535. Enzi za 486 ilikuwa nafasi tele. Mashine zilipofika karibu 200 MHz kwenda juu, jibu likawa gunia unalolazimisha liingie kwenye gorogoro.

Prosesa, kwa upande wake, ina kengele moja tu kwa mambo mawili: kugawanya kwa sifuri, na jibu la mgawanyo lisilotosha mahali pake. Pascal ikisikia kengele hiyo inaandika 200. Kwa hiyo mama yule hakuwa na sifuri popote. DOS yenyewe ikiachiwa kuisemea kengele ileile huandika "Divide overflow", ambayo angalau ina ukweli ndani yake.

Tiba? Ukizima kashe ya prosesa (kumbukumbu yake ya haraka) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, kompyuta nzima inatambaa; mara nyingine programu inafunguka, lakini unakuwa umenunua farasi ukamfunga miguu. DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya DOS ya zamani, ni nzuri, kwa sababu unaipangia mwendo mwenyewe: anza na cycles (kipimo chake cha mwendo) 3000, kisha punguza kwa Ctrl+F11 au ongeza kwa Ctrl+F12. Shida yake ni kwamba iliundwa kwa ajili ya michezo, na DOSBox ya kawaida haijui printa. Chama bila risiti si chama. Kwa huyu mama nilitumia TPPATCH, kiprogramu kidogo kinachoingia ndani ya faili la EXE, yaani faili lenyewe la programu, na kurekebisha mahali pale pa kugawanya. Fanyia nakala, usiguse faili la asili. Kikikuambia hakioni cha kurekebisha, huenda EXE hiyo ilikuwa imebanwa ili iwe ndogo, na itabidi uifungue kwanza.

Ndugu wa tatizo hili yupo kwenye Windows 95 iliyowekwa juu ya prosesa ya AMD K6-2 ya 350 MHz au zaidi. Leo inawaka, kesho inakataa, na kila mtu analaumu stima. Microsoft walitoa kiraka chake. Kitie kabla hujanunua pawa saplai mpya.

Kuna wateja hapa huniuliza kama hii ndiyo ile hitilafu ya Pentium iliyovuma mwaka 1994. Siyo. Ile haikutoa ujumbe wowote, ilikosea kimyakimya: 4195835 ukigawanya kwa 3145727 unapaswa kupata 1.33382, yenyewe ikakupa 1.33374. Mimi naona kosa linalopiga kelele ni afadhali.

Nilimrudishia mama pesa za ram, akaenda. Mwisho wa mwezi simu ikalia: "Kijana wangu, ile 200 imerudi." Nikataka kukana, kisha nikamwomba anisomee zile namba za mwisho. Hazikuwa 0091. Halafu menyu ilikuwa imefunguka vizuri. Programu ilikuwa imekatikia katikati ya ripoti ya wanachama. Nikamuuliza ilikuwa imefika kwa nani. Kwa mzee mmoja ambaye ng'ombe wake alikuwa amekaukia, anangoja kuzaa. Lita za mwezi: sifuri. Na programu ilikuwa inagawanya pesa kwa lita ili ipate wastani wa bei.

Tulimtoa mzee kwenye ripoti ya mwezi huo, ikachapishwa yote. Mama akabandika karatasi juu ya kioo cha kompyuta: asiye na maziwa aandikwe kwa kalamu.