Upepo ni mbadala wa nani?

Dada mmoja wa Langoni kaniuliza: "Mwalimu shikamoo, mwanangu ana insha ya magari ya umeme na hizi sola, mwalimu wake anataka 'nishati jadidifu', redioni wanasema 'nishati mbadala', aandike lipi?"

Marahaba dada. Aandike jadidifu, jibu ndo hilo, latoka kwenye kujadidi yaani kufanya upya, Kiarabu hicho, na nishati pia Kiarabu, tusonge maana mie ugomvi wangu uko na hilo la pili na nimelivizia siku nyingi.

Mbadala wa nini? Mbadala ni yule anayeshika nafasi mwenyewe akiwa hayupo. Sasa hebu simama forodhani utazame jahazi laingia tanga limejaa. Upepo huo umeleta majahazi hapa Amu, yaani Lamu, kabla ya babu wa babu yake aliyechimba kisima cha kwanza cha mafuta, kaskazi watu wanakuja, kusi wanarudi, na hakuna aliyeuita mbadala. Injini imekuja juzi tu. Na ikizima katikati ya mkondo wa bahari wa Mkanda, nahodha afanye nini? Si atweke tanga? Ama akae aisubiri petroli ije kwa miguu? Hebu niambieni hapo nani mwenyewe na nani mbadala.

Na huko bara vilevile, karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya ni jotoardhi ya Olkaria na wenzake, maji, upepo, jua, ule mradi wa upepo wa Marsabit peke yake ni megawati 310. Mchezaji wa akiba gani huyo anacheza dakika zote 90? Kilichotaka kuja kwetu kama mbadala ni mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, megawati 1,050, watu wakagoma, leseni ikafutwa 2019.

"Usafiri safi" nalo, hilo jina la magari yasiyotoa moshi, sina nguvu nalo leo. Punda hatoi moshi, kweli, ila pita kichochoroni asubuhi na kanzu nyeupe halafu uje tuongee usafi.

Najua dada, jadidifu ni zito mdomoni, mie mwenyewe dukani nasema sola kama nyinyi, na boda ya umeme naiita hivyohivyo. Mtoto likimshinda aandike "umeme wa jua na upepo", ni Kiswahili hicho. Lakini akiandika mbadala, mwambie asipite mbele ya baraza yangu mpaka kaskazi iishe.